Jina Moja, Waliosimama Wawili

Naapa mbele yenu wasomaji wangu, kama ninavyoapa kila wiki, na mke wangu Somoe awe shahidi: haya ninayosimulia ni kweli tupu. Ukipatikana uongo humu, hata wa kujaza kifuniko cha soda, basi jogoo wangu, yule mwekundu mwenye makeke niliyempa jina la Kamishna, achukuliwe na huyo atakayenikamata. Nimesema, sirudi nyuma.

Sasa turudi uwanjani, maana tumewaacha watu wamesimama juani wiki nzima.

Chuo kipo Temeke. Mahafali yamepamba moto, maturubai yamejaa, watoto wanalilia soda. Msajili wa chuo, Mwalimu Hasnain, miwani imemteremkia puani, anaita wahitimu mmoja mmoja wapande jukwaani. Akaita:

"Gladness Fredrick!"

Wakasimama wawili.

Wa kwanza alisimama kwenye safu ya wahitimu, joho jeusi, kofia ya pembe nne imekaa upande. Huyu ni Sekela, binti wa Mzee Gaspar wa Chamazi.

Wa pili alisimama kwenye turubai la wageni. Kavaa kitenge cha sare ya ukoo, shada la kumetameta mkononi, akaitika kwa adabu zote kama alivyolelewa:

"Abee!"

Huyu ndiye Gladness Fredrick. Mwenyewe! Aliyezaliwa akapewa hilo jina, akabatizwa nalo, akafanyia nalo mtihani wa kidato cha nne.

Uwanja mzima ukacheka. Sekela hakucheka. Ndani ya joho jasho lilimshuka mgongoni kama mtu aliyemwagiwa kata ya maji.

Nawakumbusha kidogo wenye kusahau, na nyie mlionunua gazeti leo kwa ajili ya kufungia samaki. Sekela na Gladness ni watoto wa ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Kidato cha nne walimaliza pamoja. Gladness akapata divisheni tuu, daraja la pili hilo. Sekela akapata ziro, ziro ile ya duara kabisa.

Mara baba yake Gladness, Fredrick, akafariki. Gladness akahamia Chamazi kwa baba yake mkubwa, Mzee Gaspar. Na cheti chake kikahamia kabatini kwa Mzee Gaspar, "kwa usalama". Masika yakaja, maji yakaingia ndani, Mzee akatangaza kwa huzuni kwamba cheti kimeloa kikaoza.

Hakikuoza. Kilikuwa chuoni, kinasoma.

Sekela alikuwepo siku baba yake alipomkabidhi. "Ni la kuazima tu hili jina," Mzee alimwambia. "Dada yako mwenyewe hana haraka." Na Sekela akapokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nyumbani akawa Sekela, chuoni akawa Glady. Na alichosomea, msinicheke, ni stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Yaani kozi ya kuhakikisha jalada la mtu halichanganywi na la mtu mwingine.

"Gladness Fredrick," msajili akarudia, akapandisha miwani. "Nawaona wawili. Chuo kimetoa stashahada moja."

"Samahani mwalimu!" Gladness akapaza sauti kutoka turubaini. "Nimesikia jina langu, nikajua na mie nimefaulu!"

Watu hawana mbavu. "Mpeni na yeye!" mmoja akapiga kelele. "Kapendeza huyo, mpeni!"

Wahitimu wenzake wakaanza kumsukuma Sekela mgongoni.

"Glady, nenda bwana!"

"Glady, unaganda nini? Tuna njaa sie!"

Sekela alilisikia hilo "Glady" likivuka uwanja. Akaligeukia kama mtu anayetazama jiwe alilolirusha mwenyewe linaelekea dirishani kwa watu. Likafika turubaini. Gladness alikuwa bado kasimama, bado anatabasamu, anamtazama.

Kiti kilikuwa palepale nyuma ya magoti yake. Angekaa tu. Angekaa, msajili angesema "hayupo", angepita jina linalofuata. Hakuna polisi, hakuna kelele. Kukaa tu.

Miguu ikaenda jukwaani.

Alipogeuka ngazini, akaona mdomo wa dada yake bado unacheka, ila macho yameshaacha.

Mwalimu Hasnain akampa mkono. Chuo kile hakitoi vyeti siku ya mahafali. Siku hiyo unapewa mkono na picha tu. Cheti unachukua siku ya kurudisha majoho, mwisho wa mwezi, joho mkono huu, cheti mkono huu. Basi msajili akainamisha kichwa, akasema kwa upole wake wa siku zote:

"Siku ya kurudisha joho, kabla hujaenda dirishani, pita kwanza ofisini kwangu. Kuna jambo dogo."

"Jambo gani, mwalimu?"

"Dogo tu," akasema, na hakutabasamu.

Mtauliza: hivi huyu binti alikuwa na akili gani, kuileta familia mahali jina litakapoitwa? Alijihami! Nyumbani alisema shughuli inaanza saa nane, na saa nane majina yanakuwa yameshaisha, watu wanapiga picha. Hesabu nzuri kabisa. Maana ukoo wa Mzee Gaspar ni ule wa kufika harusini maharusi wameshalala. Ila kamati ya sherehe ilikodi kosta, na dereva wa kosta mchana alikuwa na msiba wa kupeleka Kimbiji. Akawabeba saa tatu. Kwa mara ya kwanza tangu watoke Mbeya, ukoo mzima ukawahi. Wakakaa viti vya mbele.

Matarumbeta yakalia. Vigelegele. Shangazi mmoja kaanguka na kiti, kainuka anacheza. Mama Sekela, Bi Demetria, akamkumbatia mwanawe mpaka kofia ikadondoka.

"Wamekuita vibaya, mwanangu! Miaka yote hiyo ada tunalipa, jina tu linawashinda?"

"Wamechanganya, mama."

"Chuo cha kumbukumbu!" mama akasema, akacheka, akafuta machozi.

Ndipo Gladness akapenya. Akalikunjua lile shada, akamvisha Sekela shingoni, akalinyoosha kifuani taratibu kama anavyonyoosha mtu nguo ya mtoto. Halafu akamsogelea sikioni.

"Hongera, Gladness."

Akageuka, akaenda kupanda kosta.

* * *

Chamazi, nyumbani kwa Mzee Gaspar, jioni. Turubai limefungwa toka nguzo ya geti mpaka ukutani. Spika mbili kubwa. Pilau inanukia mtaa wa pili.

Mzee Gaspar akamvuta bintiye nyuma ya tangi la maji.

"Kasema nini?"

"Nani, baba?"

"Usinizungushe. Dada yako. Alipokuvisha lile shada."

"Kanipa hongera."

"Basi?"

"Basi."

"Vizuri. Nimeshawaambia watu ni makosa ya chuo. Wamekubali. Sasa na wewe kunjua uso, mbona kama uko msibani?"

"Baba, jina ni lake."

"Lilikuwa lake!" Mzee akashusha sauti. "Lilikuwa limelala kabatini, halina kazi. Wewe umeliamsha, umelisomesha. Leo lina stashahada. Angelifanyia nini yeye? Anakata tiketi za mabasi Mbezi Luis, ameridhika."

"Hajaridhika, baba. Anataka uuguzi."

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo palipokuwa panamla Sekela kuliko uwanjani.

Mwezi mmoja nyuma, Gladness alirudi kutoka stendi, vumbi mpaka kwenye kope, akakaa pembeni ya kitanda cha Sekela. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi kwa simu, kimyakimya, asije akachekwa. Akaingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Mtandao ukamkataa.

"Eti mie niko chuo tayari!" alisema, anacheka. "Nikasema jamani, labda nasomaga usingizini. Mdogo wangu, si ndo mambo yenu hayo ya kumbukumbu? Nifuatilie. Dirisha la udahili linafungwa mwisho wa mwezi ujao."

"Nitafuatilia, dada."

Kila jioni Gladness aliuliza. "Vipi, wamesemaje?"

"Mtandao uko chini."

"Vipi leo?"

"Mhusika kasafiri."

Na kila jioni jibu la Gladness lilikuwa lilelile: "Asante mdogo wangu, unanihangaikia kweli."

Hiyo asante ndiyo iliyomkosesha Sekela usingizi. Angetukanwa angelala. Asubuhi ya mahafali aliamka akakuta joho lake limening'inia mlangoni, limenyooshwa pasi mpaka mikunjo ya mikono. Gladness alikuwa ameshaamka kitambo. Alilinyoosha mwenyewe.

"Sikiliza," Mzee Gaspar akasema, akamtoa bintiye mawazoni, palepale nyuma ya tangi. "Ukifungua mdomo, chuo wanakufuta, na mie naingia ndani. Jela, Sekela. Na uzee huu. Unataka mama yako aje ananiletea uji?"

"Na yeye dada?"

"Mwakani tutamtafutia kitu. Ushonaji. Nenda kakae, emsii anakuita."

* * *

Emsii alikuwa Brightson, kijana wa mtaani, suti ya kung'aa, maneno hayamwishii.

"Mabibi na mabwana! Keki imefika! Kabla hatujaigusa, kuna jambo moja. Mhitimu wetu atachukua kipande cha kwanza, cha kwanza kabisa, amlishe mtu mmoja. Mmoja tu! Yule ambaye bila yeye, leo tusingekuwa hapa!"

Mzee Gaspar hakungoja kuitwa. Kasimama, kafunga kifungo cha koti, kajipangusa ndevu. Kamati ikapiga makofi. Kila mtu alijua ni yeye. Hata mpiga picha alishamwelekezea kamera.

Sekela akachoma kipande kwa uma. Keki inapukutika sukari. Akanyanyua mguu.

Akafika mbele ya baba yake. Mzee akafungua mdomo.

Sekela akampita.

Mdomo wa Mzee ukabaki wazi. Kamera ikabaki wazi. Shangazi akasema, "Haa, anakwenda kwa nani huyo?" Sekela akapita meza ya wazee, akapita meza ya kwaya, akafika kule nyuma kwenye masufuria, ambako Gladness kafunga kanga kiunoni, anapakua pilau. Akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele, upawa bado uko naye.

"Niache, mie nina watu hawajala," Gladness akasema.

"Naomba maiki," Sekela akamwambia Brightson.

"Sista, lisha kwanza..."

"Naomba maiki."

Akaishika. Kipande cha keki mkono huu, maiki mkono huu. Bi Demetria ameshaandaa leso, maana anajua hapa ndipo pa kulia.

"Huyu," Sekela akaanza, "ni dada yangu Gladness. Jina lililoitwa leo chuoni, chuo hakijakosea. Mie ndo..."

Maiki ikakata. Kimya, kama imezibwa na kiganja.

Midomo yake iliendelea. Alilisema lote, cheti, kabati, uongo wa mtandao, kila kitu, machozi yanamdondokea kwenye keki. Na wageni, waliokuwa hawasikii hata neno, wakamwona binti msomi analia mbele ya dada yake mpakua pilau. Wakaguswa. Wakapiga makofi. Vigelegele vikapanda mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

"Ana shukrani huyu mtoto!" shangazi akalia. "Hajasahau alikotoka!"

Sekela akageuka. Mzee Gaspar alikuwa kasimama kando ya spika, kiatu chake cha kulia kimekaa juu ya plagi iliyochomoka, uso kama hayupo.

Wokovu huo, jamani! Amekiri, na hakuna aliyesikia. Moyo wake ukatua. Halafu ukaona aibu kwa kutua.

"Dada," akanong'ona, "nisamehe. Hukusikia, ila..."

"Mie nimesikia," Gladness akasema, haoneshi hata jino. "Tena si leo. Tangu mwezi uliopita."

Sekela akarudi hatua moja nyuma, Gladness akamfuata.

"Siku ile ya mvua nilikuletea chakula chuoni kwenu. Nikamuuliza mlinzi, yuko wapi Sekela Gaspar. Akasema hana mwanafunzi wa hivyo. Nikamwonesha picha yako kwenye simu. Akafurahi kabisa. 'Aaa, si useme! Huyu Glady Fredrick.'"

"Kumbe... kila jioni ulivyokuwa unaniuliza..."

"Nilikuwa nakupa nafasi. Kila jioni. Na leo uwanjani pia nilisimama makusudi, sikusahau kwamba mie si mhitimu. Nilitaka nione kama utakaa." Akamtazama usoni. "Kiti kilikuwa nyuma yako, Seki."

Gladness akaweka upawa mezani.

"Sasa sema tena."

"Maiki imekufa."

"Mie nimekuomba maiki?"

Sekela akawatazama wageni. Wanatabasamu. Wanamngojea alishe keki ili na wao wale. Akamtazama mama yake na ile leso. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, hapana. Akavuta pumzi...

Macho yakamgeuka! Nyeupe tupu! Akayumba kushoto, akayumba kulia, akaanguka kifudifudi juu ya keki ya ghorofa tatu, ikamfunika mpaka masikio! Brightson katumbukia kwenye ndoo ya juisi! Mara king'ora, gari la wagonjwa hilo linavunja geti, na Mzee Gaspar, suti na tai, yuko juu ya ukuta, mguu mmoja huku na mmoja kwa jirani...

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu inakwenda yenyewe kama baiskeli kwenye mteremko, nikasikia Somoe ananiita kutoka barazani.

"Mzee Mwishehe! Una mgeni."

Nikainua kichwa. Kasimama mlangoni msichana, kavaa kizibao cha kung'aa cha wakata tiketi, kitabu cha tiketi kimechungulia mfukoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Unasafiri?"

"Sisafiri. Nasoma." Akanyoosha shingo juu ya karatasi yangu. Akasoma polepole, kidole kinafuata mistari. Alipofika kwenye gari la wagonjwa, kidole kikasimama.

"Nani kazimia?"

"Si... Sekela."

"Hakuzimia mtu."

"Aa, mwanangu, mie nilikuwepo! Jirani yenu, nilialikwa kwa kadi!"

"Ulikuwepo kwenye pilau," akasema. "Nilikupakulia mwenyewe. Ukaongeza nyama, ukafunika sahani kwa mfuko, ukaondoka kabla keki haijaletwa. Na sahani hujarudisha."

Somoe, kule barazani, akakohoa kikohozi ambacho si cha mafua.

"Haya mengine umeyapata wapi?"

"Mtaani," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua. "Kidogo kwa fundi viatu. Kidogo nimejazia."

"Keki yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja," akasema. "Na hakuanguka. Alisema tena. Bila maiki, sauti mpaka wapishi waliacha kupakua. Akasema cheti kilitoka kabati gani. Akasema, 'Nilipewa, nikapokea kwa mikono miwili.' Hakumsingizia mtu. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mkubwa akaanza kukusanya sahani, hata za watu waliokuwa bado wanakula. Anakusanya tu, anazipanga, anazipangua."

"Na Mzee Gaspar?"

"Alivua koti akalikunja, akalipakata. Mpaka leo hajasema na mtu."

"Na kile kipande cha keki?"

"Nilikila." Akainua bega. "Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Nikaona mwanya wa kuokoa hadithi yangu. "Basi ukamsamehe! Mkakumbatiana! Hapo ndo pa kumalizia, mwanangu, wasomaji watalia..."

"Usiniandikie msamaha, babu. Bado sijautoa."

Nikaweka kalamu chini.

"Siku ya kurudisha majoho," akasema, "ndo siku dirisha la udahili linafungwa. Nitakuwa getini pa chuo asubuhi. Nimemwambia. Akija na lile joho, tutaingia wote kwa Mwalimu Hasnain, aseme mwenyewe. Asipokuja, nitaingia peke yangu, na huko sitasema kwa upole."

"Atakuja?"

"Tangu siku ile kalitundika palepale mlangoni. Halivai, haliondoi. Jana usiku nimeamka kunywa maji, nimemkuta amekaa sakafuni, analitazama. Sijui kama atakuja."

Akageukia uani. "Sasa, yuko wapi huyo Kamishna?"

"Mwanangu, ile ni lugha ya gazetini tu..."

"Mzee Mwishehe!" Somoe akaita. "Kiapo ni kiapo. Na mie ndo shahidi, umeniandika."

Kumkamata Kamishna si kazi ya mstaafu. Aliingia chini ya banda, akapanda juu ya tangi, akanidonoa kidole cha kuandikia. Nilipomkabidhi nilikuwa nahema, nina manyoya kwenye masharubu. Msichana akambana kwapani kama pochi. Akafika getini, akasimama.

"Kuna lingine, babu. Jina langu umeliandika mara ngapi humu, tangu uanze?"

"Aa... kila wiki, mwanangu."

"Uliniuliza?"

Nikamtazama jogoo.

"Lifute."

"Mwanangu, wiki zote hizo zimeshachapwa. Limeshatoka, watu wamelizoea. Nitalifutaje sasa?"

Akanitazama, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

"Na Sekela, nilipomwambia anirudishie, alinijibu hivyohivyo," akasema, akafunga geti taratibu.

Kamishna aliwika pale konani, kwapani mwa mtu, mchana kweupe. Mie nikarudi kwenye karatasi, nikakata gari la wagonjwa, nikakata ukuta na ile ndoo ya juisi, nikafika kwenye jina lake. Na hapo nimekaa mpaka sasa, sijui nimwiteje.